Kazi Zisizo na Namba Mgongoni

Hotuba kwa wahitimu, siku ya taaluma na ajira

Mheshimiwa mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na ninyi vijana mnaohitimu mwaka huu, itifaki imezingatiwa. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa mada mliyonipa, maana ndiyo ninayoishi nayo kila siku: ajira katika michezo.

Nianze na habari nzito. Humu ukumbini wamo vijana wanaocheza, na baadhi yenu mnacheza vizuri kiasi cha kuiota jezi ya klabu kubwa. Mwaka 2016, FIFPRO, chama cha kimataifa cha wachezaji wa soka wa kulipwa, kilitoa ripoti iliyokusanya majibu ya wachezaji karibu 14,000 kutoka nchi 54. Hao hawakuwa watu wanaosubiri kuonwa. Walikuwa wameshafika, wana mikataba. Asilimia 45 kati yao walikuwa wanalipwa chini ya dola 1,000 za Marekani kwa mwezi. Asilimia 41 walisema mishahara yao iliwahi kucheleweshwa ndani ya misimu miwili iliyotangulia. Na huko Marekani kwenyewe, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, huwaambia wanafunzi wazi kwamba wanaoendelea kucheza kwa kulipwa hawafiki wawili katika kila mia.

Sisemi haya ili mtundike daluga leo. Chezeni, na mwenye kipaji akipiganie kwa nguvu zote. Ninachowaomba ni kuutazama ule upande wa uwanja ambao kamera haiugeukii. Kucheza ni kazi moja tu. Pembeni yake kuna makumi ya kazi nyingine, na nyingi kati ya hizo mtu huzifanya mpaka anastaafu na mvi zake, wakati mchezaji mwili humwambia basi kabla hajatimiza miaka 40.

Mimi ni meneja wa timu. Wengi wakisikia hivyo hudhani napanga kikosi. Kikosi anapanga kocha. Mimi nahakikisha wale aliowapanga wamefika, wamekula, wamelala, leseni zao za mashindano zipo, jezi zetu hazigongani rangi na za wapinzani, na mchezaji aliyefungiwa hayumo kwenye orodha. Hilo la mwisho naomba mlisikie vizuri, na nitalieleza kwa kisa kilichowatokea wengine mbele ya dunia nzima.

Mwaka 2014, Legia Warsaw ya Poland ilikutana na Celtic ya Scotland katika mechi za mchujo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Legia ilishinda mabao 4–1 nyumbani, ikaenda ugenini ikashinda 2–0. Jumla 6–1, kazi imekwisha. Dakika za mwisho za mechi ya pili, wakati matokeo hayana tena shaka, akaingizwa beki Bartosz Bereszyński. Beki huyo alikuwa na adhabu ya kukosa mechi tatu, na kweli alikuwa amezikosa mechi tatu. Lakini katika raundi ya kabla ya hapo jina lake halikuwa limewasilishwa kwenye orodha ya usajili, na kwa kanuni, mchezaji asiyesajiliwa hawezi kuhesabiwa kuwa anatumikia adhabu. Mechi mbili kati ya zile tatu zikawa si kitu. UEFA, chombo kinachosimamia soka la Ulaya, ikaipa Celtic ushindi wa 3–0, jumla ikawa 4–4, na Celtic ikapita kwa bao la ugenini, maana kanuni ya wakati huo ilimpa nafasi aliyefunga zaidi kwenye uwanja wa mwenzake.

Tafakarini hapo. Wachezaji walifanya kazi yao yote. Kocha alifanya yake. Mamilioni ya fedha na msimu wa Ulaya vikapotea kwa jina moja lisiloandikwa kwenye karatasi. Kila klabu duniani inahitaji mtu ambaye macho yake hayachoki kusoma kanuni na orodha, na nawahakikishia kuwa watu wa namna hiyo ni adimu kuliko washambuliaji. Kama wewe ni yule mwanafunzi ambaye wenzako wanakutegemea ukumbuke tarehe za mitihani, anza kujitazama kwa jicho lingine.

Barua za kuomba kazi zinazonifikia karibu zote huanza na sentensi moja: "Naupenda mchezo huu tangu utotoni." Naiheshimu sentensi hiyo, kwa sababu najua ni ya kweli. Lakini mapenzi hayo wanayo pia mashabiki waliojaza jukwaani, na wao wamelipa kiingilio. Anayelipwa ni yule ambaye asipokuja, kuna kitu kitakwama. Kwa hiyo ushauri wangu unakwenda kinyume na mnaousikia mara nyingi. Usianze kwa kuuliza ni mchezo gani unaoupenda. Jiulize kwanza ni fani gani uko tayari kuisomea mpaka uimudu: uhasibu, uuguzi, sheria, kilimo cha nyasi, hesabu, upigaji picha, lugha, umeme. Ikishakukaa mkononi, ipeleke michezoni. Michezo inakula fani zote hizo, na inazihitaji zikiwa zimeiva.

Mfano wa mwanafizikia utawafaa walimu wa sayansi waliopo hapa. Ian Graham alipata shahada ya uzamivu ya fizikia Cambridge. Mwaka 2012 akaajiriwa na klabu ya Liverpool ya Uingereza, akajenga pale idara ya utafiti wa takwimu. Baadaye akajiunga naye William Spearman, aliyewahi kufanya utafiti katika maabara ya CERN, kule wanakogonganisha chembe ndogo kuliko atomu. Liverpool ikachukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, na mwaka 2020 ikachukua ubingwa wa Uingereza iliousubiri kwa miaka 30. Siwaambii kwamba fizikia ndiyo iliyofunga mabao. Nawaambia kwamba wakati klabu nyingine zilimnunua mchezaji kwa kuwa alifunga mabao mengi msimu uliopita, hawa waliuliza swali jingine: mashuti yake yalipigwa kutoka wapi, kwa pembe gani, na mtu wa kawaida akipewa nafasi zilezile angefunga mangapi? Penalti, kwa mfano, huingia takriban mara tatu katika kila nne. Shuti la mbali lenye mabeki watatu mbele yake huenda lisifike hata moja katika ishirini. Ukizijumlisha nafasi zote kwa namna hiyo, unaona ni nani anayejiweka mahali pa kufungia na ni nani aliyekuwa na bahati ya mwezi mmoja.

Hapo kuna ajira kwa wapenda hesabu na kompyuta, na inakua. Ila niwape angalizo kutokana na ninachokiona kila wiki. Mchambuzi mzuri ni yule anayeweza kumweleza kocha jambo moja kwa sentensi mbili, kocha akalielewa akiwa amesimama. Nimewaona vijana wenye akili nyingi sana wakija na kurasa 40 za michoro ya rangi, na kocha asiguse hata moja, kwa sababu mazoezi yanaanza baada ya dakika kumi. Kwa hiyo anayesomea takwimu asome na kuandika. Ajifunze kuzungumza na mtu mwenye haraka.

Wapo pia waliojitengenezea kazi ambayo haikuwepo kabla yao. Thomas Grønnemark wa Denmark alikuwa mtu wa kurusha mpira, kurusha kule kwa mikono mpira ukitoka nje. Mwaka 2010 aliweka rekodi ya dunia ya kurusha umbali wa mita 51.33. Akakaa akachunguza jambo ambalo makocha wengi walikuwa wanalipuuza: mechi moja ina makumi ya mipira ya kurusha, na timu nyingi zinaipoteza ovyo. Akaanza kuwafundisha watu nafasi za kukaa, muda wa kukimbia, namna ya kushika mpira. Mwaka 2018 Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, akamwita klabuni. Wako waliocheka kusikia kuna kocha wa kurusha. Yeye aliendelea na kazi, na timu yake ikawa hodari wa kuumiliki mpira baada ya kurusha.

Na kuna kazi ambazo hamjawahi hata kuziwazia. Ratiba ya ligi hutungwa na nani? Kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ratiba ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilitungwa na mume na mke, Henry na Holly Stephenson, nyumbani kwao. Siku hizi ligi hiyo ina timu 30 na kila moja hucheza mechi 162, yaani jumla ya mechi 2,430. Timu isisafirishwe usiku kucha halafu icheze mchana. Uwanja wenye tamasha siku hiyo usipangiwe mechi. Televisheni wapate mechi kubwa siku wanayoitaka. Wahasimu wasikutane mara tatu mfululizo halafu wasionane tena mpaka mwisho wa msimu. Hiyo ni hesabu ngumu, na ni ajira.

Niingie kwenye tiba, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi yetu ninayoiheshimu kuliko zote.

Tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara mjini Lyon, kiungo wa Kamerun Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alifariki siku hiyohiyo. Kifo kile kiliitikisa soka, na kuelekea Kombe la Dunia la 2006 FIFA iliweka uchunguzi wa afya wa wachezaji kabla ya mashindano, moyo ukiwemo. Sasa njooni tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland katika mashindano ya mataifa ya Ulaya. Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, miaka 29, naye akaanguka peke yake, moyo umesimama. Nahodha Simon Kjær akawahi, wachezaji wakamzunguka kumsitiri, na matabibu wakaingia. Walimkandamiza kifua, wakatumia kifaa cha kushtua moyo, na moyo ukarudi. Miezi michache baadaye Eriksen, akiwa amepandikizwa kifaa kifuani, alirejea uwanjani, na mwaka 2024 alifunga bao katika mashindano yaleyale ya Ulaya.

Jina la Eriksen mnalijua. Majina ya wauguzi na watoa huduma ya kwanza waliokimbia na mkoba siku ile hamyajui, na wao hawakuhitaji myajue. Walichohitaji ni kuwa wamefanya zoezi lile mara nyingi kabla, wanajua kifaa kiko wapi, nani anakandamiza kifua, nani anahesabu, lango lipi gari la wagonjwa linapitia. Nikiwa na wasaa wa kumpa kijana ushauri mmoja tu katika eneo hili, humwambia asomee kwanza udaktari, uuguzi au fiziotherapia kamili, hospitalini, kwa wagonjwa wa kila aina, ndipo aje kwetu. Goti la mchezaji ni goti la binadamu. Anayelijua kwa juujuu humrudisha mchezaji uwanjani wiki mbili kabla ya wakati kwa kuwa kocha amekasirika, na mchezaji huyo anapasuka kano mara ya pili. Mtaalamu wa tiba michezoni lazima awe na elimu ya kumfanya aweze kumwambia kocha "hapana" mbele ya watu, na cheti cha kumlinda baada ya kusema hivyo.

Afya ya akili nayo imepata nafasi yake, na kwa haki. Simone Biles alipojiondoa katika fainali ya timu ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, wako waliomsema vibaya. Alikuwa amepoteza hisia ya mwili wake uko wapi akiwa hewani, jambo linaloweza kumvunja mtu shingo. Alipumzika, akapata msaada, na Paris 2024 akarudi na dhahabu tatu. Timu zinazoajiri wanasaikolojia sasa hazifanyi hivyo kwa ajili ya mapambo.

Wazazi mmekuwa mkitikisa kichwa tangu nilipotaja sheria, nadhani kwa kukubali. Ni kweli, mwanasheria wa michezo ana kazi. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji ambaye mkataba wake ulikwisha na klabu yake bado ikadai ada ili aende anakotaka. Mahakama ikasema mchezaji aliyemaliza mkataba katika nchi za Umoja wa Ulaya yuko huru kuhama. Hukumu ile moja iligeuza biashara yote ya usajili. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoanzishwa mwaka 1984 na yenye makao Lausanne, hupokea migogoro kutoka pembe zote za dunia, na tangu Olimpiki ya Atlanta 1996 huweka jopo maalumu palepale kwenye michezo ili mwanariadha apate uamuzi ndani ya saa 24, kabla fainali yake haijapigwa. Anayejua sheria na lugha mbili au tatu ana mlango pale.

Lakini mimi, kwa kuwa ni mtu wa ofisi ya klabu, napenda zaidi kuwaeleza kuhusu asilimia 5. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akihamishwa kwa ada kabla mkataba haujaisha, na uhamisho huo ukavuka mpaka wa nchi, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Hebu wazieni. Klabu ndogo iliyomfundisha kijana kupiga pasi akiwa na miaka 13 inastahili sehemu yake akiuzwa kwa mamilioni miaka kumi baadaye. Tatizo ni ushahidi. Klabu ikiwa haikumsajili, ikiwa daftari limepotea, ikiwa tarehe zinagongana, fedha ile ni vigumu kuipata. Mwishoni mwa 2022 FIFA ilianzisha kituo cha malipo mjini Paris kinachopitisha fedha hizo kwa mfumo wa kielektroniki, na mfumo huo unasoma kumbukumbu za usajili. Kijana anayemsajili mtoto wa miaka 12 leo, akaandika tarehe sahihi na jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, huenda anaipatia klabu yake uwanja mpya wa mazoezi bila mtu kumpigia makofi. Katibu wa klabu ni kazi ya heshima. Isomeeni.

Kuhusu uwakala nitakuwa mfupi, kwa sababu unavutia kuliko unavyostahili. Mwaka 2015 FIFA iliacha kutoa leseni za mawakala, mambo yakavurugika, ikazirudisha. Mtihani wa Aprili 2023 ulikuwa na maswali 20 ya kuchagua jibu kwa dakika 60, kufaulu ni alama 75 kwa 100, na takriban nusu tu ya waliofanya walipita. Maswali yenyewe hutoka kwenye kanuni. Anayedhani uwakala ni simu mbili na miwani ya jua, akasome kanuni hizo kwanza.

Waamuzi. Hapa pana upungufu kila mahali, na sababu tunaijua: matusi. Bado ni njia ninayoisifu kwa dhati, kwa kuwa inaanza mapema, inalipa kidogokidogo tangu mechi za watoto, na inamkuza mtu tabia. Salima Mukansanga wa Rwanda alisomea uuguzi na ukunga. Tarehe 18 Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanaume, Zimbabwe na Guinea. Mwaka uleule yeye, Yoshimi Yamashita wa Japani na Stéphanie Frappart wa Ufaransa wakateuliwa miongoni mwa waamuzi 36 wa kati wa Kombe la Dunia la Qatar, na tarehe 1 Desemba Frappart akachezesha Costa Rica na Ujerumani, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano hayo. Pamoja na wale 36 walikuwepo waamuzi wasaidizi 69 na wa video 24, na nyuma yao mafundi wa kuzungusha picha ambao VAR, mfumo wa video unaomsaidia mwamuzi, haiendi bila wao.

Teknolojia inaleta kazi na inaondoa kazi, tusifichane. Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, ilikuwa na waamuzi wa mistari tangu karne ya 19. Kuanzia 2025 mistari inatazamwa na kamera. Ukichagua kazi, jiulize ni sehemu gani ya kazi hiyo inahitaji busara ya mtu, ujikite hapo.

Hapohapo Wimbledon kuna kazi ambayo kamera haiwezi kuichukua. Nyasi za viwanja vile ni za aina moja tu, na wakati wa mashindano hukatwa kwa urefu wa milimita 8. Nyasi zikiwa ndefu, mpira unapoteza kasi. Udongo ukiwa na unyevu mwingi, mchezaji anateleza na kuumia nyonga. Mtunza uwanja anapima ugumu wa ardhi, anajua magonjwa ya mizizi, anasoma hali ya hewa, anakata, anamwagilia, anaacha ipumzike. Nimekaa na watunza viwanja wengi, na sijakutana na watu wanaojua mchezo kwa undani kama wao, maana wanaona kila mguu ulipokanyaga. Enyi mnaosoma kilimo, msidhani mada ya leo haiwahusu.

Sitazitaja kazi zote. Utangazaji, udhamini, lishe, vifaa, ubunifu wa jezi, usalama wa majukwaa, upimaji wa dawa zilizokatazwa chini ya kanuni za WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni), ulinzi wa watoto. Hii ya mwisho niiongezee neno. Mwaka 2018 daktari aliyehudumia timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani alihukumiwa kifungo kirefu kwa kuwadhalilisha kingono wasichana aliokabidhiwa, na zaidi ya 150 walitoa kauli zao katika kesi hiyo. Tangu hapo mashirikisho mengi yanataka kuwe na afisa wa kuwalinda watoto, mwenye mafunzo, anayeweza kupokea malalamiko na kuyafikisha. Wenye roho ya ustawi wa jamii wanahitajika sana katika nafasi hiyo, na wasiingie wasiokuwa na ujasiri.

Sasa ukweli mwingine. Michezo hufanyika wakati wengine wamepumzika. Jumamosi yako, sikukuu yako, harusi ya dada yako: vyote vitagongana na ratiba. Mishahara ya mwanzo mara nyingi ni midogo kuliko ya ofisi nyingine kwa elimu ileile, kwa sababu waajiri wanajua kuna foleni ya vijana mlangoni. Na wapo wanaoitumia foleni hiyo vibaya. Watakuambia ufanye kazi bure "upate uzoefu", mwezi, msimu, na mwingine tena.

Kujitolea ni jambo jema likiwa na mpaka. Paris 2024 iliendeshwa na watu wa kujitolea wapatao 45,000, na wengi walitoka pale na marafiki na ujuzi. Ila wao walijua tarehe ya kuanza na ya kumaliza, walipewa mafunzo na sare, na waliijua kazi yao. Ukiitwa kujitolea, uliza mambo hayo. Anayekuita kila siku bila tarehe ya mwisho, na kazi yako inamwingizia fedha, huyo anataka mfanyakazi asiyelipwa. Kataa kwa adabu. Na binti yeyote anayeambiwa kwamba nafasi ina masharti yasiyoandikwa, aondoke, amwambie mtu mzima anayemwamini, na asidhani amepoteza bahati.

Mnaanzaje? Mwaka 1992 kocha Mwingereza Bobby Robson alikwenda kuifundisha Sporting ya Lisbon na hakujua Kireno. Akatafutiwa mkalimani, kijana mwenye elimu ya michezo na lugha, jina lake José Mourinho, ambaye baadaye akawa mmoja wa makocha maarufu duniani. Ukalimani ulimweka chumba kimoja na kocha mkubwa kila siku, na kwa kuwa alikuwa tayari amesomea ufundishaji, alielewa anachokitafsiri. Alipata mlango kwa lugha, akabaki ndani kwa ujuzi. Ninyi mlango wenu wa kwanza hautakuwa klabu kubwa, na msiusubiri. Kuna ligi ya shule inayohitaji mtu wa kuandika matokeo. Kuna timu ya wanawake isiyo na mpiga picha, na timu ya walemavu inayotafuta msindikizaji. Katika riadha ya wasioona, mkimbiaji hufungwa kamba mkononi pamoja na kiongozi wake, na kiongozi huyo hutakiwa awe na mbio za kutosha kumhimili mwenziwe. Wakishinda Paralimpiki, wote wawili huvishwa medali.

Chukua mashindano madogo kama hayo msimu mmoja, fanya kazi moja, na uiwekee kumbukumbu: ulianza na nini, ulibadilisha nini, kikatokea nini. Ukiniletea kurasa mbili za namna hiyo nitazisoma zote, hata kama hukutaja popote kwamba unaupenda mchezo. Nitaliona pendo lako kwenye kazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nimeambiwa muda wa maswali ni nusu saa kamili. Ningependa wa kwanza kuuliza awe mtu anayefikiria kuwa mwamuzi, na wa pili awe mzazi ambaye bado ana wasiwasi. Kipaza sauti kipelekeni huko nyuma.